Mwizi wa Sukari na Msamaria Mwenye Barua

Kuna aina ya barua ambayo imekuwa ikiandikwa kutoka nchini kwetu kwa muda mrefu kuliko umri wa Jamhuri yetu. Mwandishi wake ni Mkristo aliyetoka Ulaya au Marekani kuja kujitolea: kufundisha Kiingereza katika sekondari ya usharika, kusaidia kwenye zahanati ya parokia, kulea yatima katika kituo cha kanisa. Wasomaji wake ni waumini na wafadhili waliobaki nyumbani. Baada ya habari za mvua na za watoto wanaoimba kwa furaha, hufika aya ya wizi. Simu imetoweka mezani. Dizeli ya jenereta imepungua bila jenereta kuwashwa. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia huisha kabla ya mwezi. Suruali imeanikwa kwenye kamba asubuhi, jioni kamba iko tupu. Mwandishi huanza kwa hasira, hupita katika huzuni, kisha hufika kwenye amani: Mungu amemfundisha kutoshikamana na mali ya dunia, amemsamehe mwizi, tuzidi kumwombea.

Nimesoma barua za namna hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa siku hizi huandikwa mahali ambapo hata sisi twaweza kuzisoma. Sina shaka kwamba vilivyoibwa viliibwa kweli. Sina shaka pia kwamba waandishi wengi ni watu wema, walioacha starehe za kwao kwa hiari. Hoja yangu ni kwamba namna hii ya kuishi na wizi, inayougeuza kuwa zoezi la kiroho la aliyeibiwa, inatudhuru. Inamdhuru mwizi, inamdhuru zaidi jirani yake asiyeiba, na inatuondolea sisi wenyeji wajibu ambao hatukupaswa kuondolewa.

Niseme kwanza jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawapendi kulisikia. Wizi ni wizi. Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 258 imeeleza wizi ni nini, na katika kifungu cha 271 imeutenga wizi wa karani na mtumishi kuwa kosa linalosimama peke yake, kwa sababu ni wizi unaovunja uaminifu. Sheria hiyo haiulizi kama mwenye mali ni tajiri, mgeni, au mweupe. Walutheri na Wakatoliki huihesabu amri ya “usiibe” kuwa ya saba, Waanglikana huihesabu ya nane, lakini sijasikia dhehebu lililoiwekea tanbihi kwamba mali ya mzungu haihusiki.

Wanaosema kwamba umaskini ndio unaoiba wanawatukana maskini. Mwanamke anayeuza vitumbua kando ya barabara, akirudisha chenji ya shilingi mia mbili kwa mteja aliyeisahau, ni maskini. Mlinzi anayekesha na rungu nje ya duka lenye mali ambayo mshahara wake wa miaka kumi hauwezi kuinunua ni maskini. Tena anayeumizwa zaidi na wizi ni huyo huyo. Mgeni akiibiwa simu, ataandika barua na fedha za simu nyingine zitapatikana. Mama lishe akiibiwa mtungi wa gesi, biashara imekufa wiki hiyo na mtoto wake hana ada. Yapo mafundisho ya Kanisa, tangu Thomas wa Aquino hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yanayokubali kwamba mtu aliye katika dhiki ya kufa ana haki ya kuchukua cha mwenzake ili aokoe maisha. Lakini anayechota lita kumi za dizeli kila Ijumaa na kuziuza kwa bodaboda hayumo katika mafundisho hayo.

Baada ya kusema hilo, turudi kwenye barua. Ina historia, na historia hiyo imepita hapa hapa kwetu.

Mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walimtoroka David Livingstone wakiwa na sanduku lake la dawa, pamoja na kwinini. Aliona kwamba amehukumiwa kifo. Mwaka 1871 alifika Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, akitarajia kuikuta shehena aliyoletewa kutoka pwani. Aliyekabidhiwa shehena hiyo alikuwa ameshaiuza. Katika shajara yake alijifananisha na yule mtu wa Injili ya Luka aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang’anyi, na hakuona dalili ya Msamaria yeyote kupita. Baada ya siku chache akatokea Henry Stanley. Tangu siku hiyo wahusika wa hadithi wamebaki wale wale: aliyeibiwa ni mgeni Mkristo, Msamaria ni mgeni mwingine, na sisi wenyeji tumegawiwa nafasi iliyobaki, ya wanyang’anyi wa njiani.

Lakini tazama yaliyofuata. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake juani, wakaufunga, wakaubeba pamoja na shajara, karatasi na vyombo vyake vya kupimia, kwa safari ya zaidi ya maili 1,000, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Bwana wao alikuwa amekufa. Hapakuwa na mzungu wa kuwahesabu wala wa kuwalinda. Wangeweza kuviuza vile vyombo katika soko lolote la njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Ni Cameron aliyechukua sehemu kubwa ya vyombo vile kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Sijaona kitabu cha shule kinachomwita mwizi, na mimi simwiti hivyo. Bila shaka alijiona ana haki na ana haja. Nauliza tu: Susi angevichukua vyombo hivyo kwa sababu hiyo hiyo ya haja, angeitwa nani?

Barua za leo zimerithi jicho hilo. Katika nyumba ya mgeni yenye watu watano wa kazi, mmoja akiiba simu, aya ya wizi huandikwa kuhusu “hapa”: hapa hakuna kitu unachoweza kukiacha mezani, hapa ukweli una maana tofauti. Wale wanne walioipita simu hiyo hiyo kila siku kwa miezi minane bila kuigusa hawaandikiwi aya. Uaminifu wao hauonekani, kwa kuwa uaminifu hauachi nafasi tupu mezani.

Kutoka hapo mgeni hufuata mojawapo ya njia mbili, ambazo huonekana kuwa kinyume lakini ni ndugu wa tumbo moja.

Njia ya kwanza ni msamaha wa kimya. Anajua aliyechukua, au anahisi kumjua, lakini hasemi. Anaona haya kudai kitu kidogo kwa mtu asiye na kitu. Anakumbuka Mlima wa Mahubiri: anayetaka kanzu yako, mwachie na joho. Basi ananunua sukari nyingine na kufungua moyo wake. Sasa tuulize nini kinaendelea jikoni. Mpishi asiyeiba anajua kwamba msaidizi wake anaiba, na anajua kwamba mwenye nyumba anajua. Hajui kama yeye naye anashukiwa. Ananyamaza, kwa sababu kusema ni kujipatia adui mtaani, na kutosema ni kuwa mshiriki. Kijana anayeiba naye anajifunza kwamba mali ya kanisa ni kama maembe ya mti wa njiani. Akitoka hapo akaajiriwa dukani, atafanya alilozoea, na mwenye duka hatakuwa na wafadhili wa kumfariji. Msamaha uliompa mgeni usingizi mnono umemwandalia kijana huyo jela, au jambo baya zaidi ya jela.

Msamaha huo una dharau ndani yake, hata kama mwenyewe haioni. Watu tunaowaheshimu huwa tunawadai. Mgeni huyu, kule kwao, hawezi kumwachia fundi bomba aliyemwibia saa, akasema ni utamaduni wake. Angemwita, angemuuliza, angemshtaki. Ukimwondolea mtu mzima hesabu ya matendo yake, umemweka pamoja na watoto.

Njia ya pili ni tuhuma kwa wote. Mgeni aliyechoka kusamehe siku moja hugeuka. Mikoba inapekuliwa getini jioni. Mishahara ya wote inakatwa ili kulipia kamera iliyopotea. Wote wanafukuzwa mwezi mmoja na kuajiriwa wengine. Hapa naomba watumishi wa umma wanaosoma makala hii wawe mashahidi wangu, kwa sababu sheria iko wazi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara mpaka iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, mpaka aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi chake, mpaka apewe nafasi ya kupinga. Na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wake. Hasara haigawanywi kwa vichwa kama mchango wa harusi. Mwajiri anayewakata wanne wasio na hatia ili kufidia kosa la mmoja amechukua kisicho chake, na waraka wa Yakobo, sura ya 5 aya ya 4, unamwambia kwamba ujira uliozuiwa una sauti na sauti hiyo husikika mbinguni.

Kuna hatari kubwa kuliko makato. Neno “mwizi” likipigwa kwa sauti katika mitaa yetu haliwi tena tuhuma, huwa hukumu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa miaka mingi zimewahesabu kwa mamia kila mwaka waliouawa na umati wenye hasira kali, wengi wao kwa shutuma ya wizi ambayo hakuna mahakama iliyoisikiliza. Mgeni aliyezoea nchi ambayo ukipiga kelele polisi hufika kwanza, hajui kwamba hapa hufika mawe kwanza, kisha tairi na petroli. Anayeweka picha ya mlinzi wake katika kundi la WhatsApp la mtaa na kuandika kwamba ndiye aliyeiba kompyuta, ameweka maisha ya mtu rehani kwa ajili ya kompyuta. Hakuna sala ya jioni itakayoondoa hilo.

Sasa tuiguse mishahara, kwa sababu wageni wengi hawapendi kuiweka katika barua. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni kiwango kilichowekwa na serikali yetu wenyewe, na aibu yake ni yetu kwanza. Lakini mgeni anayelipa kiwango hicho kwa sababu “ndicho cha hapa”, huku simu yake ikiwa na thamani ya miaka miwili ya mshahara huo, asishangae kwamba simu ile haiwi kitu cha kawaida machoni pa anayefuta vumbi mezani. Mshahara mdogo hauhalalishi wizi. Unatueleza tu kwamba katika nyumba ile kulikuwa na hesabu mbili zisizolingana, na kwamba ni moja tu iliyopewa jina la dhambi.

Vilevile si kila kinachoandikwa kuwa wizi ni wizi. Katika nyumba zetu nyingi chakula kilichobaki ni cha aliyekipika, na chupa tupu ni za aliyezikusanya. Mgeni asiyesema mapema nini ni cha nani, kisha akaandika kwamba wali wake wa jana umeibwa, amehukumu kwa sheria ambayo hakuitangaza. Huo ni udhaifu wa makubaliano, na dawa yake ni kukubaliana.

Kama mgeni huyu anataka kweli kuongozwa na Maandiko, asome zaidi ya Mlima wa Mahubiri. Injili ya Yohana, sura ya 12 aya ya 6, inatuambia kwamba Yuda alishika mfuko wa fedha wa wanafunzi na alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Yesu mwenyewe, basi, aliishi na wizi wa kila siku, tena wa mtu wa karibu. Yohana hakuandika kwamba hiyo ndiyo tabia ya Wayahudi. Alimtaja mtu mmoja, akataja kosa moja. Zakayo, katika Luka 19, alipoguswa hakuishia kulia. Aliahidi kurudisha mara nne. Na katika mfano ule ule wa Msamaria, yuko mtu ambaye Livingstone hakumkumbuka alipokuwa Ujiji, na ambaye barua za leo humsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakujua kama ni mwaminifu. Alimpa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa, akaahidi kwamba akirudi watafanya hesabu ya kilichozidi. Alimwamini, alimlipa, na alikusudia kurudi kuhesabu. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja. Nafasi hiyo ya mwenye nyumba ya wageni ndiyo nafasi yetu halali katika hadithi: mwenyeji anayelipwa, anayekabidhiwa, na anayedaiwa hesabu.

Nageukia upande wetu, maana polemiki inayowasema wageni peke yao ni rahisi kuandika na haina faida. Mgeni akiibiwa, sisi hufanya nini? Tunacheka. Tunasema amepigwa, mjini shule. Mkuu wa shule humwita pembeni na kumsihi asilipeleke polisi, ili uhusiano na wafadhili usiharibike. Kamati ya usharika humhamisha mwizi kutoka stoo na kumpeleka bustanini. Kituoni anaambiwa atoe hela ya karatasi ili aandikiwe RB, ilhali RB haiuzwi. Kisha tunalalamika kwamba anatudharau. Ametukuta tumeshajidharau.

Na udokozi wa jikoni haukai jikoni. Tunao msemo kwamba kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na tunautamka kwa tabasamu. Mtumishi anayesaini posho ya semina ambayo haikufanyika ameusikia tangu utotoni. Waliochota zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA ya Benki Kuu mwaka 2005/2006 walikuwa na kamba ndefu tu. Mwanafunzi wangu anayeibeba mita ya nyaya kutoka maabara kwa kuwa “ni ya wafadhili” anajifunza kanuni hiyo hiyo kwa vitendo. Mali iliyotoka ng’ambo haina mwenyewe, tunasema. Na kodi yetu nayo, ikishaingia hazina, tunaiona imetoka ng’ambo.

Kinachohitajika hakina ajabu yoyote. Mkataba wa kazi wa maandishi, kwa Kiswahili, unaotaja mshahara wa haki na unaosema nini ni cha nani. Daftari la stoo linalosainiwa na wawili. Kikipotea kitu, aulizwe anayehusika, faraghani, mbele ya mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, awe mzee wa kanisa au mwenyekiti wa mtaa, na apewe nafasi ya kujibu. Ikithibitika, arudishe au alipe kidogo kidogo kwa utaratibu wa sheria. Akirudia, aachishwe kwa utaratibu. Kosa likiwa kubwa, lifikishwe polisi bila kelele za barabarani. Na baada ya hayo yote, asamehewe. Hapo msamaha una kitu cha kusamehe, kwa sababu kosa limetajwa na aliyelitenda amelikiri. Viongozi wa makanisa yanayopokea vijana hawa kila mwaka wana wajibu wa kuwafundisha hayo siku ya kwanza, kabla ya kuwafundisha kusema “shikamoo”.

Kwa mgeni anayejiandaa kutuma barua yake mwezi huu, nina kipimo kimoja. Aitafsiri aya ya wizi kwa Kiswahili, kisha amwite mpishi wake, mlinzi wake na dada anayemfulia, awaketishe sebuleni, na kuisoma kwa sauti. Kama ni ya kweli na ya haki, wataitikia kwa kichwa, na huenda mmoja wao akamsaidia kuipata simu. Kama hawezi kuisoma mbele yao, asiitume.